Naomba ushauri: dawa ya skizofrenia inamkakamaza mdogo wangu

Habari zenu wapendwa. Tuko Manyatta, Kisumu. Mdogo wangu ana skizofrenia na anatumia haloperidoli. Sauti alizokuwa akisikia zimenyamaza, namshukuru Mungu, lakini mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika, na akitembea haipungi kabisa. Sasa anataka kuacha dawa.

Nimesoma kwamba dawa hii huziba vipokezi vya aina ya D2 kwenye ubongo, yaani sehemu za seli zinazopokea dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Nafuu huja vikizibwa takriban asilimia 65. Ikikaribia 80, mwili huanza kukakamaa. Tena kuacha ghafla ni hatari, maana vipokezi vilivyozibwa muda mrefu huenda vikaitikia dopamini kwa nguvu zaidi, na ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kliniki ni wiki ijayo. Waliopunguziwa dozi au kuhamishiwa olanzapini au klozapini, mambo yalikwendaje? Klozapini inadai kupimwa damu mara kwa mara. Hapa Kisumu mnapimia wapi kwa bei nafuu? Na nimwambieje mdogo wangu asiache dawa kabla hajaonana na daktari? Mimi hanisikilizi tena.