Hadidiski inapotea nikiichomeka kwenye habu

karani_wa_saiba
Wadau, laptopu ya kazi ina poti mbili za USB. Moja ina printa, nyingine nimeweka habu (kile kigawanyio cha poti) ya poti nne, USB 3.0, isiyo na adapta ya umeme. Humo kuna kibodi, kamera, mausi isiyo na waya na hadidiski ya nje ya inchi 2.5. Nikinakili faili kubwa, diski inalia tik, tik, inapotea, na kibodi inazima nayo. Habu ni mbovu?

fundi_umeme
Si mbovu, ina njaa. Poti ya 3.0 inatoa miliampea 900, ya 2.0 ni 500 tu, na habu isiyo na adapta inagawa hizo hizo kwa wote. Diski pekee, inapoanza kuzunguka, inaweza kukaribia 1000. Volti zikishuka, kichwa cha diski kinarudi kwenye maegesho yake (ndiyo hiyo tik), kisha habu nzima inajiwasha upya. Acha kunakili hivyo, faili zitaharibika.

Badilisha tu nafasi. Printa inakula umeme wa ukutani, kwa hivyo iende kwenye habu. Diski ipe poti ya laptopu.

kaunta_ya_nyuma
Sawa kabisa. Ukitaka kuongeza vifaa, nunua habu yenye adapta. Usihesabu poti, soma kibandiko cha adapta: 5V 3A kwenda juu. Poti saba kwa adapta ya 5V 1A ni mapambo.

Na ujaribu ukiwa bado dukani Luthuli, Nairobi, ukishafika nyumbani Rongai umechelewa. Zima laptopu kabisa, toa chaja, chomeka habu, kisha washa adapta yake. Taa yoyote ya laptopu ikiwaka, habu inarudisha umeme nyuma. Hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

karani_wa_saiba
Nimebadilisha, GB 40 zimepita bila kukatika. Asanteni. Ila mausi inarukaruka diski ikiwa kazini.

fundi_umeme
Hiyo si njaa tena. USB 3.0 ikisafirisha data hutoa kelele za redio karibu na GHz 2.4, masafa yale yale ya mausi. Kile kipokezi cha mausi kitoe kwenye habu, kiweke kwenye waya wa kurefusha wa nusu mita, kikae mezani karibu na mkono, mbali na waya wa diski.