Mjadala: Fundi wa piano apimwe kwanza, au tuendelee kuaminiana?

Mwalimu wa Kwaya, Dar: Wakuu, piano ina noti 88 na nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wa nyuzi zote pamoja unakaribia tani 20. Halafu anakuja mtu na spana ya nati, tunamwachia chombo kilichonunuliwa kwa michango ya waumini. Yetu pini, vile vyuma nyuzi zinakozungushiwa, hazishiki tena. Marekani kuna chama cha mafundi, Piano Technicians Guild, wana mitihani mitatu: wa maandishi, wa ukarabati na wa kutuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zikae sawa. Hujafikisha asilimia 80, husajiliwi. Sisi tunangoja nini? Na hawa wanaotuni kwa kukodolea programu ya simu inayopima sauti, hao si mafundi.

Nyuzi230: Mkuu, hapo mwisho umetuvunjia heshima. Natumia simu, na watoto wangu wanasoma kwa kazi hii. Simu inapima tu, haizungushi pini. Anayeikalisha pini isirudi ni mkono.

Mama Soprano: Fundi husikia mawimbi, sauti inayopanda na kushuka nyuzi mbili zikikosana. Simu ikizima ukabaki umesimama, basi kazi haikuwa yako.

Mzee wa Ngong: Umenena, mama. Claude Montal wa Paris hakuwa anaona, na kitabu cha kutuni piano aliandika, 1836 kama sikosei. Alitumia simu gani?

Nyuzi230: Shikamoo mzee, lakini 1836 hata wanaoona hawakuwa na simu.

Mzee wa Ngong: Shikamoo yenye "lakini" ndani yake siipokei.

Binti Tanga: Jamani, mtihani autunge nani? Mafundi wenyewe wachache, wanajuana. Atakayenipima ndiye tunayegombea naye wateja. Ataniachia nipite?

Mama Soprano: Kijana amuombe mzee radhi kwanza.

Mbeba Maboksi, Minnesota: Huku wapimaji wanaituni kwanza piano ya mtihani wao wenyewe, wanaandika vipimo vya kila noti, wanaivuruga makusudi, ndipo mtahiniwa anaanza. Akimaliza, noti zinapigwa kwa nguvu kuangalia kama uzi umehama. Mkono mbovu unaonekana hapo hapo. Ila serikali haimlazimishi mtu. Asiyesajiliwa anafanya kazi, mteja ndiye anayechagua.

Nyuzi230: Kumbe hiari! Mwalimu alitaka kutufungia milango.

Mwalimu wa Kwaya, Dar: Neno "kufungia" nimeliandika wapi? Nionyeshe. Nimeona piano ikiuawa na mtu aliyelipwa, inaniuma.

Binti Tanga: Swali langu liko pale pale. Mbeba Maboksi katoa jibu nusu: kama vipimo vimeandikwa kabla, chuki ya mpimaji haina pa kujificha. Tuanzie hapo.

Mzee wa Ngong: Radhi sijaombwa.

Nyuzi230: Nisamehe mzee wangu, shikamoo.

Mzee wa Ngong: Marahaba.

Mpiga Kinanda, Mombasa: Mnapimana bure kama hamzungumzii unyevu. Huku Pwani masika yakiingia ubao wa sauti, ule mpana ulio chini ya nyuzi, unavimba, sauti ya piano nzima inapanda, noti za katikati kuliko kwingine. Anaambiwa fundi kaharibu.

Mwalimu wa Kwaya, Dar: Hili hata mimi limenikuta. Sasa Pasaka inaangukia masika, nituni lini?

Nyuzi230: Wiki ile ile ya Pasaka, mkuu, kisha urudie mvua zikikatika na ubao ukitulia. Ukituni Februari ukategemea Aprili, kwaya itakulaumu wewe.