Tuko ugenini tunamalizia kuasili mtoto, siku hizi za mwisho tuhakikishe nini?

MamaMtarajiwa:
Habari zenu wakuu. Mahakama imeshatoa amri, binti yetu ana miaka miwili na nusu, tuko naye hotelini kwenye nchi aliyozaliwa tunasubiri pasipoti na viza tu. Mambo mawili yananinyima usingizi. Kwanza makaratasi, kila ofisi inasema lake, naogopa tufike eapoti tuambiwe kuna kitu kimepungua. La pili ndo linaniuma zaidi, mtoto amemng'ang'ania baba yake, mimi nikimshika anajikunja na kulia mpaka pumzi zinamkatika, usiku anaamka anaita jina la dada aliyekuwa anamlea kituoni. Mliopita njia hii naombeni mwongozo.

Baba_Mlezi:
Hongereni sana dada. Kama nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kimataifa wa kuasili watoto toka nchi nyingine, msiondoke bila cheti cha ibara ya 23, hicho ndo kinathibitisha kuwa uasili umefuata mkataba na kinafanya nchi nyingine wanachama ziutambue. Chukueni nakala za ziada za hukumu zenye muhuri halisi wa mahakama, siyo fotokopi, maana ukishavuka mpaka kuziagiza ni shughuli nzito. Alafu kaeni chini msome cheti cha kuzaliwa, pasipoti na viza herufi kwa herufi, jina na tarehe vifanane kote.
Kama mnarudi Marekani angalieni aina ya viza, ya IH-3 mtoto anapata uraia akishaingia tu kuja kuishi na nyie, ya IH-4 anaingia kama mkaazi na mnatakiwa mkamilishe uasili hukohuko. Msimsikilize mtu anayesema zote ni sawa.

Shangazi77:
Makaratasi kaka kamaliza, mi niongelee hicho kilio. Huyo mtoto yuko msibani. Kapoteza kila sauti na kila harufu aliyoizoea ndani ya muda mfupi, na kumuita yule dada wa kituoni ni dalili nzuri, maana yake anajua kupenda, kuna mtu alimshika vizuri. Kwako anakukataa labda kwa sababu wewe ndo unafanana na nafasi ya yule mlezi, wengi hupitia hili, usilichukue moyoni. Usimlazimishe kumbeba, ila chakula na maji vitoke mkononi mwako, ukae chini sakafuni karibu yake hata kama hakuangalii.
Na nguo aliyokuja nayo USIIFUE. Iweke kitandani kwake alale nayo.

Baba_Mlezi:
Naongezea, rudini kituoni kabla hamjaondoka mkamuone huyo dada.

Neema_K:
Hapo kwenye kurudi kituoni muwe makini, mtoto anaweza kudhani anarudishwa na kuachana kwa mara ya pili kukawa kugumu zaidi. Mmoja wenu aende peke yake. Muulizeni dada analalaje, anabembelezwaje, akitaka choo anasemaje, na mrekodi anavyomuimbia kwa sauti yake mwenyewe. Piga picha za kitanda chake, mlango, uwanja wa kuchezea, na walezi kama wenyewe na uongozi wameridhia. Muulizeni pia alifikaje pale na nani alimleta, kila kinachojulikana mkiandike hata kama kinaumiza. Akiwa na miaka kumi atauliza, na walezi wanahama, mafaili yanapotea. Kwangu mimi hii ni muhimu kuliko mizigo yote mtakayobeba.
Kwenye ndege, wakati wa kupaa na kutua awe ananyonya au kunywa kitu, masikio yanauma. Hati zote begi la mkononi.

MamaMtarajiwa:
Mungu awabariki, nimesoma huku nalia. Mume wangu atabaki naye, kesho naenda kituoni mwenyewe, maswali ya Neema nimeshayaandika. Cheti cha ibara ya 23 hatukupewa kabisa, kumbe! Leo hii tunarudi ofisini kukidai, nitaleta mrejesho.