Aljineti tupu, aljineti na gelatini, au GelMA: wino upi unasimama?

Safu_ya_Tatu
Wakuu, habari za kazi. Nachapa seli kwa printa inayosukuma wino (jeli iliyobeba seli) kwa hewa, sindano ya milimita 0.41. Aljineti (inayotokana na mwani) ya asilimia 4 inatoka vizuri, haizibi, na seli zinabaki hai. Shida ni gridi. Safu ya kwanza imenyooka, ya pili imejitanua, kufika ya tatu vitobo vimeziba na nimebaki na dimbwi. Nikapandisha hadi asilimia 8. Inatambaa vilevile, ila kwa mwendo wa pole, na presha niliyolazimika kuongeza imeniulia seli. Sasa nachagua: niichanganye na gelatini au nihamie GelMA (gelatini iliyobadilishwa kikemia ili mwanga uifanye ngumu)? Aliyetumia zote anisaidie.

SindanoButu
Mkuu, unafukuza mnato wakati mwizi ni mwingine. Gundi ya maji ni nzito, lakini idondoshe mezani uone kama haitatambaa. Dawa ya meno inakaa juu ya mswaki hata ukienda kuoga ukarudi. Ina kizingiti: mkazo usipokifikia, haitiririki kabisa. Aljineti ambayo haijakutana na kalsiamu, inayoigandisha, haina kizingiti cha maana, kwa hiyo ukiongeza asilimia unanunua dakika tu.

GelMA_daima
GelMA. Sirudi nyuma.

Bi_Reometa
@GelMA_daima umejibu kama hakimu aliyechoka 😄. Kabla ya mwanga, GelMA ni gelatini tu kitabia: ikipoa inaganda, ikifika nyuzi 37 ni maji. Ule ugumu wa kudumu unakuja ukishaimulika, mathalani kwa nanomita 405 ukiwa na LAP, kemikali inayoanzisha ugandaji ikimulikwa. Asiyedhibiti joto la bomba la wino atapata dimbwi lilelile, ila la bei kubwa zaidi.

Safu_ya_Tatu, kuhusu seli kufa, tazama hesabu kabla hujabadilisha sindano. Punguza kipenyo kwa nusu huku ujazo wa wino unaotoka kwa sekunde ukibaki uleule. Kwa kimiminika cha kawaida, presha inayohitajika inapanda mara 16, na mkazo kwenye ukuta wa sindano mara 8. Wino unaolegea ukisukumwa haufanyi hivyo. Kielezo chake cha mtiririko kikiwa 0.3 (maji yana 1; kikiwa kidogo zaidi, wino unalegea zaidi ukisukumwa), presha inapanda karibu mara 4 na mkazo haufiki hata mara 2. Seli zinaishi ndani ya tofauti hiyo.

Lakini kulegea ni nusu ya kazi. Ukishatoka kwenye ncha, wino urudi kuwa mgumu baada ya muda gani? Mimi kwenye reometa (kifaa cha kupima mtiririko) nauzungusha taratibu, halafu kwa kasi kubwa, halafu taratibu tena, nahesabu sekunde mpaka urudie hali yake. Ukichukua dakika nzima, safu ya pili inatua juu ya uji. Wengi wanapima mnato wa namba moja wanaridhika, na hapo ndipo wanapopotea.

Kwako ningeanza na aljineti na gelatini. Gelatini inashika umbo kwenye ubaridi, kalsiamu kloraidi inafunga aljineti baadaye, kisha gelatini nyingi inayeyuka na kutoka kwenye nyuzi 37.

Mzamiaji
Mbona mnalazimisha kizingiti kiwe kwenye wino? Kiwekeni kwenye beseni. Njia ya FRESH, iliyotoka Carnegie Mellon mwaka 2015, inachapa ndani ya chembechembe za gelatini zilizosongamana: sindano ikipita zinalegea, ikishapita zinakaza na kuushika uzi pale ulipo. Mwaka 2019 walichapa hivyo sehemu za moyo kwa kolajeni, kitu ambacho hewani kingemwagika. Ukimaliza unapasha joto, beseni linayeyuka.

SindanoButu
Kweli, ila ni kazi juu ya kazi. Kwa gridi ya safu kumi huhitaji kuzamia, mkuu.

Na asije mtu akapendekeza Pluronic F127, polima ya viwandani. Inasimama vizuri kupita zote, kwa sababu inaganda ikipata joto, lakini seli hazikai humo siku nyingi. Ni ya kuchapa mifereji utakayoiyeyusha.

Safu_ya_Tatu
Nimerudi. Nimechanganya aljineti na gelatini, bomba nikaliweka nyuzi 25, nikawa nasukuma kidogo hewani kila baada ya dakika kumi. Mwanzo yanatoka matone. Dakika ya 20 ukaning'inia uzi mmoja laini, mrefu kama kidole. Dakika ya 40 uzi ukatoka na mapengo, kama kamba iliyoliwa na panya. Nikachapa kwenye ile ya 20. Nikapima vitobo: mzingo kipeo cha pili, gawanya kwa mara 16 ya eneo. Mraba kamili unatoa 1, duara 0.785. Aljineti tupu ilikuwa inanipa 0.8. Hii 0.96! Safu nane zimesimama.

Kero iliyobaki: nikisimama dakika mbili kubadilisha sahani, ncha inaziba. Bomba bado liko 25.

Bi_Reometa
Bomba liko 25, ncha je? Chuma kiko nje ya kipasha joto na kinapoa haraka. Weka ncha ya plastiki yenye umbo la koni. Haipotezi joto upesi, na sehemu nyembamba ni fupi, kwa hiyo hata presha utaishusha.

Safu_ya_Tatu
Ninayo moja ya milimita 0.41 kwenye droo. Naijaribu kesho asubuhi.