Nyie mnaofundisha video kwa "weka yote juu", mmenitia aibu Newala

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nina hasira na sitaificha. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kununua kamera, hili ni jambo jingine kabisa: mipangilio ya kutoa video ukishamaliza kuihariri.

Niko Mtwara mjini, Chikongola. Nashuti harusi, sendofu na sherehe za kutoa wali, yaani wasichana wanaotoka unyagoni. Desemba ndiyo mwezi wetu: shule zimefungwa, hela ya korosho iko mikononi, ngoma kila kijiji. Ukiharibu kazi mwezi huo umeharibu mwaka mzima.

Kuhariri nilijifunza kwenye kituo kimoja hapa mjini, jina nalihifadhi. Wiki tatu, laki na nusu. Somo la kutoa video iliyokamilika halikufika hata dakika ishirini. Tuligawiwa karatasi ya fotokopi: 4K (ukubwa wa picha), fremu 60 (idadi ya picha kwa sekunde), H.265 (kodeki, yaani njia ya kubana video), bitireti 100 (megabiti kwa sekunde). Nikauliza, mwalimu, kwa nini 100? Akajibu, "Wewe weka yote juu, mteja anataka kitu kikali." Darasa zima tukaandika. Karatasi ile nikaibandika ukutani juu ya kompyuta, na kila kazi nikawa naifuata mstari kwa mstari.

Mwaka jana mama mmoja wa Newala akanipa kazi ya binti yake. Ndani kwa makungwi sikuingia, huko hakunihusu. Nilishuti uwanjani: wali wametoka wamepambwa, mashangazi wanawatuza noti na vitenge, wapiga ngoma wanatoka jasho, vumbi hadi magotini. Kamera niliiweka 4K, fremu 25. Kazi ikatoka dakika 80. Nikairenda, yaani kuitoa kuwa faili lililokamilika, kwa karatasi ya mwalimu.

Ilianza saa mbili usiku. Saa nane umeme ukakatika, betri ikajikongoja, kompyuta ikazima, kazi yote ikapotea. Nikaanza upya asubuhi. Ilipomaliza nikakuta faili la GB 60. Sawa, nikasema, ngoja nimtumie kwanza kipande kifupi cha dakika sita, kwenye flashi mpya ya GB 32, tupu kabisa. Kompyuta ikakataa: faili ni kubwa mno. Flashi ya GB 32 tupu, faili GB 4 na nusu! Nikajua nimeuziwa feki. Nikarudi dukani nikamfokea kijana wa watu mbele ya wateja wake, na kumbe hana kosa lolote. Nilishamwomba radhi, ila linaniuma mpaka leo.

Flashi nyingi za ukubwa ule zinakuja na mfumo wa kupanga mafaili unaoitwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja lililozidi GB 4, hata flashi ikiwa na nafasi tele. Unaibadilisha kuwa mfumo mwingine, exFAT, au unakata video vipande. Sentensi mbili tu hizo. Laki na nusu yangu haikutosha kununua sentensi mbili?

Basi nikaweka kazi kwenye diski ya nje, nikapanda gari alfajiri hadi Newala. Nakuta sebule imejaa. Bibi wa mwali ameletwa, amekalishwa kwenye kiti mbele kabisa, maana siku ya sherehe alikuwa anaumwa. Nachomeka diski kwenye TV. Ngoma inasikika, vigelegele vinasikika, kioo ni giza totoro. Nikachomoa, nikachomeka. Giza. Bibi anauliza, "Mbona siwaoni?" Watu kimya. Mama akanivuta ukumbini akaniambia taratibu, "Mwanangu, hela ya korosho nimeitoa nisikilize redio?" Salio la laki mbili hakunipa, na sikuwa na mdomo wa kulidai.

Nimekaa miezi nikisoma mwenyewe, usiku, kwa bando langu. Na nilichokigundua ndicho kinachonipandisha hasira zaidi, kwa sababu ni hesabu ya darasa la tano.

Bitireti ni kiasi cha data kinachotumika kila sekunde. Inapimwa kwa megabiti, na biti nane ndiyo baiti moja. Kwa hiyo 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, 750 kwa dakika, GB 45 kwa saa. Mngetuambia hivyo tu, kila mmoja wetu angejua uzito wa faili kabla hajabonyeza kitufe.

Halafu kamera yangu yenyewe inarekodi kwa megabiti 60. Kilo 60 za korosho ukizimimina kwenye gunia la kilo 100 hazigeuki kuwa 100! Kilichoongezeka ni gunia.

Kuhusu H.265: ni kodeki nzuri, inabana faili karibu nusu ya H.264 kwa ubora unaolingana. Lakini kiwango chake kilitoka 2013, na H.264 ni cha 2003, na TV nyingi za zamani zilizoko majumbani kwetu haziisomi ile mpya. TV ya yule mama ni inchi 32, ya siku nyingi, haina hata hizo nukta milioni nane za 4K. Nilimpelekea mzigo ambao hana pa kuuweka.

Fremu ndiyo usiseme. Nimeshuti 25, natoa 60. Ishirini na tano haigawanyi sitini sawasawa, kwa hiyo programu inarudia fremu moja mara mbili, nyingine mara tatu. Mtu akikaa kimya huoni kitu. Akicheza ngoma, kiuno kinashtuka-shtuka kama ana degedege. Mimi nililaumu kamera!

Sasa kwa TV za watu natoa H.264, 1920 kwa 1080, fremu zile zile 25, bitireti ya kupanda na kushuka, wastani 12. Nane zingetosha mtu akiwa anahutubia, lakini vumbi na vitenge vya maua vinakula data, ukibana sana picha inavunjika vigae. Dakika 80 nakata vipande viwili vya 40, kila kimoja GB 3.6, flashi ya kawaida inabeba. 4K naibakiza kwa YouTube, na wao wenyewe wanapendekeza megabiti 35 hadi 45 kwa fremu 24 hadi 30. Wala si 100.

Nilirudi kituoni na maelezo haya yote. Nikaambiwa ada hairudishwi. Nikasema basi badilisheni karatasi. Wiki iliyopita dogo mmoja wa Mikindani amekuja kwangu kujifunza kazi, amefungua begi, ametoa karatasi ile ile. 4K, fremu 60, H.265, 100.

Nilimtengenezea mama kazi upya bure, bibi ameiona. Ila nataka kujua hapa: ni nani mwingine, Mtwara au Lindi, amepewa karatasi hii? Piga picha uiweke. Kama tuko kumi, twende pale mlangoni wote kumi.