Kompyuta ya mezani nimeiongezea RAM na SSD lakini bado nzito, shida nini wakuu?

kadi_na_mabango:
Heshima kwenu wakuu. Nina Dell OptiPlex 7010 ile kubwa ya kusimama, prosesa i5-3470, naitumia hapa steshenari kudizaini kadi za harusi kwenye Photoshop, kuprinti na kuskani vyeti vya watu. Ilikuwa na RAM 4GB na hadidiski ya 500GB. Nikaipeleka kwa fundi akaongeza RAM ya 8GB juu ya ile ya 4 kwaiyo sasa inasoma 12, akaweka na SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA ya 240GB, akaihamishia Windows 10 vilevile ilivyokuwa, hadidiski akaiacha humohumo nitunzie kazi za wateja. Sasa jinsi watu wanavyoisifia SSD nilitegemea nikibonyeza tu inawaka, lakini wapi, inajivuta kama zamani, nikifungua Photoshop na brauza kwa pamoja inaganda na mteja kasimama hapo ananisubiri. Kwenye Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha mashine inavyotumika, prosesa iko chini, RAM haifiki hata nusu, ila diski inasoma 100% muda mwingi. Jamaa mmoja kaniambia ninunue grafiksi kadi. Kabla sijatoa hela nyingine naombeni ushauri.

mtu_wa_BIOS:
Mkuu tulia na hela yako, grafiksi kadi haihusiki kabisa hapo. Hiyo diski kukaa 100% ndo jibu lenyewe, SSD nzima haizidiwi na brauza na Photoshop. Mi nahisi mashine bado inawaka kutoka kwenye hadidiski ya zamani, maana fundi alivyokopi Windows sasa unazo mbili, moja huku moja kule, na kama hakugusa mpangilio kwenye BIOS (ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka) inaendelea kuchukua ileile ya kwanza. Fungua Task Manager, nenda Performance, tafuta diski yenye C: uone kama imeandikwa SSD au HDD. Ikiwa HDD basi zima, washa huku unabonyeza F12, chagua SSD, uone itakavyowaka. Ukiridhika ingia F2, sehemu ya Boot Sequence, uipandishe SSD iwe juu moja kwa moja.

Ujue hadidiski ina kichwa kinachotembea kutafuta faili, kwa vipande vidogovidogo vilivyotawanyika inasoma kama mia hivi kwa sekunde, SSD inasoma maelfu kwa maelfu. Windows ikiwaka inafungua vipande vidogo vingi mno, ndo maana tofauti inaonekana pale kuliko hata kwenye kukopi faili kubwa.

Halafu tafadhali usifomati hadidiski kwa haraka, kazi za wateja zikopi kwanza kwingine.

binti_wa_waya:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila kaka ukishafungua kasha angalia na kebo ya SSD imechomekwa wapi. Mazabodi hiyo ina chipseti ya Q77, pochi za SATA (zile tundu za kuchomekea kebo za diski) zenye kasi ya 6Gb/s ziko mbili tu, zilizobaki ni 3Gb/s. SSD ikae SATA0 au SATA1, maandishi yapo pembeni ya pochi. Kwenye pochi ya kasi inafika kama 500MB kwa sekunde, kwenye ile nyingine inakwama 280 hivi. Hadidiski na DVD zipeleke popote, hazifiki huko.

Kitu kingine SATA Operation kwenye BIOS, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski, ukikuta imekaa RAID On usiibadilishe ghafla kwenda AHCI, Windows itagoma na skrini ya bluu. Anza na msconfig (andika kwenye search ya Windows), weka Safe boot, ukirestati ingia BIOS ubadilishe, ikishawaka rudi uitoe Safe boot.

ramu_jozi:
Hiyo ya pochi sikatai dada ila kwa matumizi yake hataiona sana, ataiona akiwa anasevu faili kubwa. Kwenye RAM ndo kuna kitu. 8 na 4 zikikaa kila moja kwenye chaneli yake (njia kati ya RAM na prosesa), 8GB za kwanza zinafanya kazi kwa chaneli mbili na 4 zinazobaki kwa moja, lakini kama fundi amezirundika zote chaneli moja unapoteza nusu ya upana wa njia. Weka CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya mashine, ni bure, sehemu ya Memory uone kama imeandika Dual. Uangalie na kasi, ile ya zamani ikiwa 1333 na mpya 1600 zote zitashuka ziende 1333. Ukipata hela tafuta jozi ya 8 na 8 zinazofanana, DDR3 za mtumba siku hizi hazina bei.

kadi_na_mabango:
Wakuu Mungu awabariki, C: ilikuwa imeandikwa HDD kweli! Nimepandisha SSD juu, sasa inawaka hata sijavuta kiti. CPU-Z inasoma Dual. Je niweke Windows 11 nimalize kabisa?

mtu_wa_BIOS:
Safi sana. Windows 11 kirasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama), yako ni kizazi cha tatu, kulazimisha unaweza ila kwa mashine ya biashara sikushauri. Windows 10 Microsoft walisitisha apudeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kuna mpango wao wa ESU (apudeti za nyongeza) unaokupa za usalama mpaka Oktoba 2026, jiunge nao maana hapo unapokea flashi za kila mtu. Na kwenye Photoshop ingia Preferences, Scratch Disks (diski ambayo Photoshop inaweka kazi zake za muda), uhakikishe imechagua SSD, ila uiachie nafasi ya kutosha, isijae.

binti_wa_waya:
Na kama sinki ya prosesa, lile bati la kupoza, haijawahi kufunguliwa tangu inunuliwe, peist ya ndani inayopitisha joto itakuwa imekauka. Safisha vumbi, weka mpya, ikichemka sana inajipunguzia spidi yenyewe.