M57 inacheza cheza kwenye darubini, tatizo nini?

Mla_Korosho: Wakuu, niko Shangani hapa Mtwara, nina darubini ya inchi 5 kaniachia kaka, juzi umeme umekatika mtaa mzima nikasema leo ndo leo. Nimeitafuta ile nebula ya pete, M57, lile wingu la gesi huko angani, nusu saa shingo inauma, nimepata kamoshi kamejikunja duara, tena ka kijivu, zile rangi za mtandaoni hamna. Nikikuza zaidi inatetemeka kama iko chini ya maji. Nasikia kuna darubini zina optiki adaptivu zinanyoosha picha, naweza kufunga kwenye hii yangu?

Mvuvi_Msimbati: Hapo kwenye maji ushajijibu. Ukiwa kwenye mtumbwi unaona jiwe la chini linacheza, kumbe jiwe limetulia, maji ndo yanayumba. Hewa nayo hivyo hivyo. Sasa wale wa Paranal kule Chile, moja ya zile darubini kubwa nne za VLT, kioo chake kikuu mita 8.2, wanarusha leza nne zinagonga chembe za sodiamu zilizo hewani huko juu kilomita 90, inawaka kama nyota feki. Kompyuta inaangalia hewa imeipindaje hiyo nyota feki, halafu kuna kioo kingine chembamba milimita 2 tu, nyuma kina visukumio 1,170, kinapindwa kinyume chake, hadi mara 1,000 kwa sekunde. Hayo utayafunga wapi bro, kwenye bodaboda? 😂

BintiMikindani: Samahani kuuliza, hizi kama M57 wanaita nebula za sayari, ina maana kuna sayari humo?

Mvuvi_Msimbati: Hapana dada, mtafiti wa nyota Herschel huyo, miaka ya 1780 aliona viduara kama sayari jina likaganda. Ni nyota ya saizi ya jua hivi, imezeeka ikavimba ikatapika gesi zake, kiini kilichobaki ndo kinaziwasha.

Babu_Karabai: Utamu uko kwa L2 Puppis wajukuu, nyota inayozeeka hivyo, iko miaka ya mwanga kama 200 tu. 2015 walitangaza picha zake, kifaa cha SPHERE hapo hapo Paranal, diski ya vumbi imelala ubavu na nyota mwenzake kajibanza pembeni, yaani nebula ya kipepeo ndo kwanza inaanza kusukwa. Bila kuituliza hewa ungeona doa.
Mla_Korosho, wewe usichungulie juu ya mabati, yanatema joto la mchana mpaka usiku. Itoe nje lisaa kabla ipoe. M57 kwetu iko kaskazini, mwezi wa nane saa nne usiku ndo iko juu. Rangi sahau, jicho gizani halizioni, kamera inakusanya mwanga muda mrefu. Mwezi wa kumi tafuta nebula nyingine, Helix, inapita karibu na utosi, ni kubwa haitaki kukuzwa sana kwa hiyo mtetemo hausumbui, ila inataka giza haswa.

Mla_Korosho: Shikamoo babu. Kumbe nilikuwa nachungulia juu ya bati la jirani kabisa 🤦 Jana nimehamia upande wa baharini, pete imetulia kidogo nikaanza kuliona lile tundu la katikati, umeme ukarudi, jirani kawasha taa ya uani.